Sungura wa Nyumbani Malindi: Mwongozo Kamili wa Kumvusha Salama Joto la Tangambili

Kila ifikapo Machi, tangambili ikikaribia, yaani yale majuma yasiyo na upepo kati ya kaskazi na kusi, napigiwa simu zilezile, kutoka Shela, Maweni, Muyeye, hata Mambrui. "Shangazi, sungura amejinyoosha, hataki kula, masikio yanachoma. Nimpe dawa gani?" Mara nyingi simu hiyo huja saa tisa alasiri, na ikifika saa kumi na moja sungura ameshakufa.

Wengi wa hawa sungura hawakuwa wagonjwa. Waliuawa na joto ndani ya banda lisilopitisha hewa, au na tumbo lililosimama kwa sababu ya mabaki ya jikoni. Mambo haya mawili mtu anaweza kuyazuia kwa vitu vinavyopatikana papa hapa mjini. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana kila moja inaitegemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumleta sungura

- Mbao na boriti za banda lenye urefu wa futi 6, upana futi 2 na kimo futi 2
- Waya wa matundu madogo, mnene kuliko waya wa kuku
- Viungo vya makuti vya kuezekea
- Makopo manne ya kuwekea miguu ya banda
- Kipande cha mkeka wa ukili usiotiwa rangi
- Bakuli mbili nzito za udongo za maji
- Vigae vya mtungi uliovunjika, vipana kiasi cha sungura kulalia
- Magunia mawili ya katani
- Gunia la nyasi kavu, na mahali pa kuninginiza jingine
- Chupa za plastiki za lita moja za kugandishia maji
- Mizani ya jikoni
- Kikapu cha ukili chenye kifuniko cha kumsafirishia
- Nambari ya simu ya daktari wa mifugo ambaye umeshamuuliza kama amewahi kutibu sungura

Usilidharau hilo la mwisho. Madaktari wengi wa huku wamezoea ng'ombe, mbuzi na punda. Muulize mapema, sungura akiwa mzima.

## Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha chagua sungura

Nunua wakati wa kusi, kati ya Juni na Agosti, hali ya hewa ikiwa imepoa. Sungura mchanga aliyetolewa kwa mama yake na kuhamishwa nyumba tayari ana mshtuko. Ukimwongezea joto la Februari, unamtaka apambane na mambo matatu kwa pamoja.

Asiwe chini ya wiki 8. Chukua mwenye manyoya mafupi na masikio makubwa. Sungura hatoi jasho mwilini kama sisi, na hawezi kuhema ulimi nje kama mbwa. Njia yake kuu ya kupoza mwili ni masikio: mishipa ya damu iliyo humo hutanuka na kulitoa joto nje. Wale wenye manyoya marefu kama Angora hawafai Pwani hata kidogo, na anayekuuzia Malindi hajakutakia mema.

Ujue pia ukubwa atakaofikia. New Zealand mweupe, anayefugwa sana Kenya, hufika kilo 4 hadi 5. Akitunzwa vizuri sungura wa nyumbani huishi miaka 8 na zaidi, kwa hiyo mtoto wa darasa la pili anayemlilia leo huenda akamaliza shule sungura bado yupo.

Kabla ya kulipa, mgeuze umtazame. Pua iwe kavu, macho yasiwe na tongo, meno ya mbele yakutane sawasawa, na chini ya mkia pawe safi. Ukiona ukoko ndani ya sikio, ana utitiri. Mrudishe.

## Hatua ya 2: Jenga banda la upepo

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea. Sungura wangu wa kwanza nilimtengenezea kasha zuri la mbao, nikaliezeka kwa mabati na kuliweka pembeni mwa ua ambako kuta mbili zinakutana. Kaskazi yote aliishi salama. Kisha upepo ukaanguka, yale majuma ya tangambili ambapo kaskazi imeondoka na kusi haijaingia, na bendera za mashua zinaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Alasiri moja nilifungua kasha nikamkuta amelala ubavu, shingo imerudi nyuma, kidevu kimelowa mate. Maji yalikuwemo na majani yalikuwemo, lakini hewa ya ndani ya kasha ilinipiga usoni kama ya tanuri.

Tangu hapo najenga hivi.

Paa ni makuti, kamwe si mabati. Bati hulipokea jua na kulishusha ndani. Makuti huzuia jua na kupitisha hewa katikati ya majani yake. Acha ukingo utokeze mbele futi moja na nusu ili jua la jioni na mvua visifike ndani.

Pande tatu ni waya, upande mmoja ni mbao. Upande wa mbao uelekee kusini, kwa kuwa mvua za masika huja na upepo kutoka huko. Upande mrefu wa waya uelekee kaskazini mashariki, unakotoka upepo wa Desemba hadi Machi.

Weka banda chini ya mti, mbali na ukuta. Ukuta wa matumbawe au wa matofali hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku. Mwembe au mkwaju utakufaa zaidi. Chini ya mnazi hapafai: dafu likianguka halitabakisha banda wala sungura.

Inua banda futi 3 kutoka chini, na kila mguu uingize kwenye kopo la maji yaliyotiwa mafuta kidogo. Siafu wakimfikia sungura aliyefungiwa usiku, asubuhi hutakuta kitu cha kuokoa. Yajaze makopo kila Ijumaa, maana maji hukauka na hakuna anayekumbuka.

Waya uwe mnene, wenye matundu ya kidole kimoja. Wa kuku haumzuii nguchiro wala paka shume. Kunguru nao, na Malindi wamejaa, hudonoa watoto wa sungura kupitia tundu pana. Upepo wa bahari hula chuma haraka. Kila baada ya miezi michache upitie waya kwa mkono na kukata mahali penye kutu.

Sakafu isiwe waya mtupu. Nyayo za sungura hazina vitakia vya ngozi nene kama za mbwa, ni manyoya juu ya ngozi. Akikaa juu ya waya siku zote huota vidonda visivyopona upesi. Tandika vipande vya mbao vilivyoachana nusu inchi, na juu ya nusu ya sakafu weka mkeka wa ukili. Atautafuna, na hauna madhara kama haukutiwa rangi.

Utajua umefaulu hivi: ingiza mkono bandani saa nane mchana. Ukihisi hewa inapita mkononi, na ndani hakujazidi joto la kivulini nje, banda limekamilika. Ukihisi hewa imesimama, ondoa ubao mmoja, ujaribu tena kesho.

## Hatua ya 3: Nyasi kavu kwanza, kisha mengine

Meno ya sungura hayaachi kuota. Ya mbele huongezeka kama milimita 2 kwa wiki, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kutwa. Tumbo lake nalo linaendeshwa na nyuzinyuzi: zikikosekana utumbo husimama, gesi hujaa, na kwa kuwa sungura hawezi kutapika hana njia ya kujitua.

Kwa hiyo nyasi ziwe sehemu nne kati ya tano za chakula chake. Kwa macho, kila siku apate fungu kubwa kama mwili wake, na lisikatike usiku wala mchana.

Marobota ya boma rhodes, nyasi kavu za malisho, huuzwa kwenye maduka ya mifugo. Ukikosa, tengeneza mwenyewe kwa ukoka, na ufuate utaratibu huu bila kuruka:

1. Kata asubuhi umande ukishakauka, yapata saa tatu. Nyasi zilizokatwa na umande huota ukungu. Usikate kando ya barabara wala mahali mbwa wanapolala.
2. Zitandaze kivulini penye upepo, zisizidi unene wa vidole vinne. Jua kali huziunguza zikawa nyeupe na kupoteza ladha.
3. Zigeuze asubuhi na jioni kwa siku tatu. Usiku zifunike au ziingize ndani, maana hewa ya bahari huzilowesha tena.
4. Chukua unyasi mmoja na uukunje. Ukipinda bado haujakauka. Ukivunjika kwa mlio, tayari.
5. Zitie kwenye gunia la katani na uliningʼinize darini. Gunia la plastiki litazifukiza.

Nyasi nzuri zina rangi ya kijani iliyopauka na harufu tamu, kama chai ya majani makavu. Zikinuka uvundo, au ukizitikisa zikatoa vumbi jeupe, zitupe zote. Usijaribu kuchambua. Ukungu humuua sungura taratibu, nawe utadhani ni homa.

Utajua anakula sawasawa kwa kutazama kinyesi: punje za mviringo, kavu, zinazolingana ukubwa. Punje zikiwa ndogo, au zikiungana kama ushanga, nyasi hazitoshi. Usishangae ukimwona akijiinamia na kula choo laini moja kwa moja kutoka mwilini. Hicho ni chakula chake cha pili, na ndimo anamopata vitamini. Usimzuie.

## Hatua ya 4: Majani mabichi, na yale ya kumkataza

Jioni mpe konzi mbili za majani yaliyooshwa na kukaushwa maji. Matembele ni mazuri, vilevile giligilani, ukoka mbichi na kiasi kidogo cha kunde. Mchicha mara mbili kwa wiki unatosha. Jani jipya lianze na kipande kimoja. Ngoja siku mbili utazame choo kabla ya kuongeza.

Peleti, yaani chakula cha dukani cha punje zilizoshindiliwa, zisizidi kikombe kimoja cha kahawa kwa siku, kile kidogo kisicho na mkono, kwa sungura wa kilo 2 au 3. Sungura atazimaliza na kuomba tena. Usimsikilize, kwa sababu akishiba peleti haendi kwenye nyasi.

Visimfikie hivi:

- Majani mabichi ya muhogo. Yana sumu ya sianidi, na kuwa sisi hula kisamvu kilichopondwa na kupikwa hakumsaidii sungura anayeyala mabichi.
- Majani na tunda la parachichi.
- Mnavu, na majani ya nyanya na viazi mbatata.
- Ugali, wali, chapati, mahamri, mkate. Wanga huchacha tumboni mwake.
- Kabeji nyingi, kwa sababu ya gesi.

Matunda yanaleta taabu msimu wa maembe, watoto wanapokaa chini ya mti na kumtupia maganda. Kipande cha embe cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, mara mbili kwa wiki, ndiyo mwisho. Waonyeshe watoto kwa kidole chao wenyewe; wakisikia neno "kidogo" kila mtu hupima lake.

Mwekee pia tawi la mpera aguguna.

## Hatua ya 5: Maji baridi, si ya chumvi

Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Yaonje: ukiyakataa wewe, naye atakunywa kidogo kuliko anavyohitaji. Mpe ya mfereji au ya mvua.

Tumia bakuli la udongo. Chupa zenye kijirija cha chuma hupata moto na kukwama, na sungura hunywa zaidi kwenye bakuli. Weka mbili, kwa sababu moja ataimwaga. Sungura wa kilo 2 anaweza kumaliza robo lita kwa siku, na kipindi cha joto zaidi ya hapo.

## Hatua ya 6: Ratiba ya siku za joto

Hapa Malindi joto la mchana hupita nyuzi 30 kuanzia Februari hadi Aprili. Sungura huanza kutaabika kwenye nyuzi 27 au 28. Kwa miezi hiyo mimi hufuata adhana, na sijapoteza sungura kwa joto tangu nianze.

Baada ya Alfajiri. Mfungulie atembee uani kwa saa mbili, ukiwa unamwona. Huu ndio wakati anaoupenda, atakimbia na kuruka hewani akijipinda. Badilisha maji. Ondoa nyasi zilizolowa mkojo. Harufu kali ya mkojo huharibu mapafu.

Saa tano. Awe amesharudi bandani. Vigae vya mtungi viwe vimekaa majini tangu usiku. Vitoe, uviache vichuruzike, uvipange kwenye kona ya kivuli. Kigae kilicholowa hupoa kama mtungi unavyopoza maji. Utamwona akijilaza juu yake kifudifudi, miguu ya nyuma ameinyoosha, kidevu kimegusa udongo. Huo ni mlalo wa raha.

Adhuhuri. Lowesha gunia la katani, likamue, ulitundike upande ule upepo unakotokea. Acha nafasi ya kiganja kati ya gunia na waya. Usifunike pande zote. Gunia lililolowa likizunguka banda zima huligeuza kuwa jiko la mvuke, na nimeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Siku isiyo na upepo. Hii ndiyo siku ya tangambili niliyoitaja. Gunia peke yake halitoshi, kwa kuwa bila upepo maji hayakauki na hayapozi. Gandisha chupa ya lita moja, ifunge kwa kitambaa, umwekee aegemee. Au mwingize ndani ya nyumba, sakafuni sebuleni, feni ikipuliza juu yake na si usoni. Stima zikipotea, pepea kwa kipepeo cha ukili.

Baada ya Alasiri. Mtazame kabla ya kufanya jambo jingine. Gusa masikio yake.

Magharibi. Majani mabichi na peleti. Asiyekimbilia chakula saa hii ana jambo.

## Hatua ya 7: Akizidiwa na joto

Dalili huja kwa mpangilio huu: masikio mekundu na ya moto, pumzi za haraka, pua imelowa, kichwa amekirudisha nyuma akivuta hewa kwa mdomo, kuyumba, mate. Mdomo ukishafunguka una dakika chache tu.

1. Mpeleke kivulini penye upepo au mbele ya feni.
2. Lowesha masikio kwa kitambaa cha maji ya kawaida ya mfereji. Rudia kila masikio yanapokauka.
3. Mkalishe juu ya taulo lililoloweshwa.
4. Weka maji karibu na mdomo. Usimnyweshe kwa nguvu, yataingia mapafuni.
5. Mpigie daktari hata akionekana kupata nafuu.

Onyo: usimtumbukize kwenye ndoo, wala usimmwagie maji ya barafu. Mishipa ya masikio hujifunga ghafla, joto hubaki ndani ya mwili, na mshtuko unaweza kuusimamisha moyo.

Umefaulu pumzi zikitulia, akikaa kwa miguu minne, na akila unyasi ndani ya saa chache. Akipitisha muda wa saa 12 bila kula wala kutoa choo, hiyo ni dharura ya tumbo. Mtie kwenye kikapu, panda tuktuk, uende kwa daktari.

Nataka niseme jambo la dawa kwa nguvu zangu zote. Amoksilini, vile vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini, akipewa sungura kwa mdomo huua vijidudu vyema vya tumboni na kumuua naye kwa siku chache. Dawa ya kupe na viroboto ya mbwa yenye fiproni (fipronil) nayo huweza kumuua. Kwa upele na utitiri wa masikio daktari hutumia ivamektini kwa kipimo cha uzito wake. Ndiyo sababu mizani imo kwenye orodha.

## Hatua ya 8: Kumbeba

Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio, umkumbatie kifuani. Kamwe usimwinue kwa masikio. Sungura akirusha teke hali miguu ya nyuma haijashikwa anaweza kuuvunja uti wake wa mgongo mwenyewe. Watoto wamshike wakiwa wameketi chini.

## Hatua ya 9: Dume na jike

Sungura hapendi upweke, kwa hiyo wawe wawili, na walio rahisi zaidi ni majike wawili wa uzao mmoja. Dume na jike watengwe mapema, wakiwa na wiki 10. Mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Aliyeniambia "hawa ni ndugu, hawatafanya kitu" alikuwa na sungura 14 kabla ya mwaka kuisha.

## Hatua ya 10: Masika yakiingia

Mvua za Aprili hadi Juni huondoa joto na kuleta inzi. Inzi hutaga kwenye manyoya yaliyolowa au yenye kinyesi, na funza huweza kutoka ndani ya siku moja na kuanza kula ngozi. Kwa hiyo miezi hii mgeuze mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, utenganishe manyoya chini ya mkia kwa vidole, utazame ngozi yenyewe. Mayai ya inzi yanafanana na punje nyeupe za mchele mdogo. Ukiyaona, yang'oe kwa kitana chembamba. Ukiona funza, mpeleke kwa daktari, usingoje kupambazuke.

Kata pia kucha zilizorefuka, na mpime uzito kila Ijumaa, uandike ukutani kwa mkaa au kwenye daftari. Akipungua robo kilo ndani ya wiki mbili, fungua mdomo wake utazame meno kabla ya kulilaumu tumbo.